Mkazi mmoja anatusumbua jengo zima. Kamati ya wamiliki ina nguvu gani hasa?

#1 Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, maana nimefika mahali hata usingizi hauji.

Nina fleti Upanga, jengo la ghorofa sita, fleti 24. Huu mwaka wa pili niko mwenyekiti wa kamati ya wamiliki. Sikugombea. Siku ya mkutano watu walinitazama mimi tu, nikashindwa kukataa. Posho hakuna. Kazi yenyewe ni kukusanya mchango wa huduma, 150,000 kwa mwezi kila fleti, halafu kulipa walinzi, usafi, lifti, pampu ya maji na dizeli ya jenereta.

Tunaye mkazi mmoja, mwenye fleti yake, si mpangaji. Ijumaa mpaka Jumapili anafungulia muziki kuanzia saa nne usiku hadi karibu na adhana ya alfajiri, spika ziko balkoni. Gari lake la pili analiegesha juu ya mfuniko wa tanki la chini. Siku fundi wa pampu amekuja hatukuweza kufungua, tukalala bila maji jengo zima. Mchango hajalipa miezi 14. Ukimkumbusha kwenye grupu la WhatsApp anaporomosha matusi, na wazee wetu wawili wameshajitoa kwenye grupu. Mwezi uliopita alimtukana mlinzi mbele ya wageni, yule kijana akarudisha sare akaondoka.

Tumemwandikia barua tatu. Ya kwanza aliichana getini.

Wenzangu wanataka tumkatie maji. Wengine wanasema tukimkatia atatuburuza mahakamani. Waliopitia haya walifanyaje?

#2 Nyumbu Mpole

Kateni maji. Siku ya tatu anakuja mwenyewe na hela mkononi na salamu juu.

#3 Wakili wa Kitaa

Nyumbu, taratibu kwanza.

Dada, pole sana. Kabla ya bomba, nijibu hili: hati zenu zikoje? Kama jengo limesajiliwa chini ya Sheria Na. 16 ya 2008, ile ya umiliki wa sehemu za majengo, basi umoja wa wamiliki unatambuliwa na sheria. Kila mwenye fleti ni mwanachama atake asitake, na umoja unaweza kumdai kwa jina lake wenyewe. Lakini kama hati ni moja, bado iko kwa aliyejenga, na ninyi mna mikataba ya mauziano tu, hiyo kamati ni majirani wenye nia njema. Anaweza kuchana barua hata kumi.

#4 Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Ahsante. Hati za kila fleti tunazo. Kanuni za jengo ni karatasi nne tulizopewa na aliyejenga siku ya kukabidhiwa funguo. Sikumbuki kama zilipitishwa kwenye mkutano wowote. Mimi mwenyewe nilizisoma juzi, kwa ajili ya tatizo hili.

#5 Wakili wa Kitaa

Hapo ndipo pa kuanzia. Zipitisheni kwenye mkutano wenye akidi, muhtasari uandikwe na mahudhurio yasainiwe. Kanuni ambazo wanakamati hawajawahi kuzisoma haziwezi kumbana mtu mwenye kiburi.

#6 Mzee wa Kisutu

Shikamooni walio wakubwa kwangu, wengine marahaba.

Mimi nimefika Upanga 1974 nikiwa kijana wa ofisini. Wakati huo majengo mengi ya huku yalikuwa chini ya Msajili wa Majengo, baada ya serikali kuyachukua mwaka 1971. Ghorofa zima tulikuwa wapangaji wa mwenye nyumba mmoja. Ukizidisha kelele unaitwa ofisini, unaulizwa nyumba unaitaka au huitaki. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, mambo yakaendelea vilevile kwa muda.

Sasa hivi ghorofa moja lina wenye nyumba 24. Kila mmoja amelipa mamilioni yake, kila mmoja anajiona mfalme kuanzia mlangoni kwake hadi barabarani. Ukimwambia ngazi ni za wote, anaona unamnyang'anya alichonunua. Kwa maoni yangu tatizo la mama huyu ni hilo. Watu wamenunua fleti, lakini hakuna aliyewaambia kwamba wamenunua na majirani.

#7 Dada wa Mkunazini

Mzee wangu, shikamoo. Hapo naomba nikupinge kwa adabu.

Mimi nimezaliwa Michenzani, yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Nyumba za serikali, mwenye nyumba mmoja, na fujo ilikuwepo vilevile. Mamaangu akitwanga kwenye kinu ghorofa ya tano. Chini yetu palikuwa na bibi mgonjwa wa kichwa. Siku ya kwanza alipanda akilia. Ya pili alipanda mwanawe, akapiga mlango kwa teke. Babaangu hakwenda ofisi yoyote. Alimwita yule kijana, wakakaa kitako, wakanywa kahawa, wakakubaliana kinu kitatwangwa baada ya laasiri tu na chini yake liwekwe gunia lililokunjwa mara nne. Mambo yakesha. Yule bibi alipofariki, mamaangu ndiye aliyemkosha.

Kwa hiyo suala si umiliki. Kwanza muulizwe: huyo bwana kuna aliyekwenda kukaa naye, au amepata barua tu?

(Na huku Unguja tuna sheria yetu wenyewe ya mambo haya, Na. 10 ya 2010, msije mkatutia kwenye hiyo ya Bara.)

#8 Nyumbu Mpole

Kinu ghorofa ya tano! Dada, na maji mlikuwa mnapandisha kwa ndoo?

#9 Dada wa Mkunazini

Kwa ndoo, kichwani, na hatukumwaga kwenye ngazi za watu. Wewe ungeshindwa ghorofa ya pili.

#10 Fundi Lifti

Nimefanya lifti Dar miaka 11, niwaambie ninachokiona, maana watu wanazungumzia kelele wanasahau hela.

Lifti haijui nani amelipa. Inahitaji kukaguliwa na kutiwa mafuta kwa ratiba, nyaya zinapimwa, breki zinakaguliwa. Fleti tatu zikiacha kulipa, kamati inaanza kusogeza: mwezi huu tusiite fundi, tuite mwezi ujao. Umeme ukikatika na jenereta halina dizeli, mtu anabaki ndani. Nimewahi kumtoa mama mjamzito aliyekaa ndani ya lifti saa mbili kasoro. Wakazi wote walikuwa pale chini wanagombana nani hakuchangia dizeli, mama wa watu anapiga ngumi mlango.

Kwa hiyo mwenyekiti, muziki unaudhi, lakini ile miezi 14 ndiyo inayoua jengo. Mara 150,000 ni 2,100,000. Na wanaomwona halipi na lifti anapanda, mwezi ujao wataanza kuiga.

#11 Kijana wa Mwenge

Nauliza tu, kwani si tunakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, tukinunua umeme? Ile 1,000 kila mwezi. Jirani yangu anasema hiyo inatosha, mchango mwingine ni wizi.

#12 Wakili wa Kitaa

Swali zuri, na wasumbufu wengi wanajificha humo. Kodi ya jengo ni mapato ya serikali, haileti mlinzi wala dizeli. Na 1,000 ilikuwa ilipoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021. Tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kwa ghorofa mjini ilianza 5,000, ikawa 7,500.

#13 Kijana wa Mwenge

Nimeelewa. Ndiyo maana hesabu zangu za umeme hazikuwa zinakubali.

#14 Msumbufu wa Block B

Nimesoma nyuzi za aina hii nyingi nikanyamaza. Leo naandika.

Mimi ndiye "mkazi msumbufu" wa jengo letu, Mikocheni. Niliitwa hivyo kwa miaka mitatu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza kwenye mkutano: milioni nane za kupaka rangi zimeenda wapi, mbona upande wa nyuma haujaguswa? Mweka hazina akasema namvunjia heshima. Baada ya wiki mbili nikaondolewa kwenye grupu. Nikaacha kulipa. Nilikosea kuacha kulipa, hilo nakiri, lakini sikuwa na mlango mwingine wa kugonga. Wakanikatia maji. Nina mtoto mwenye pumu na mama mkwe wa miaka 79. Tulinunua maji ya madumu siku 19, nikiyapandisha mwenyewe, na majirani niliozika nao wanapita kwenye ngazi wanatazama ukutani.

Kilichonitoa ni mkutano wa mwaka uliofuata. Wakazi walidai hesabu, ikaonekana risiti za rangi hazipo. Kamati ikajiuzulu. Nikalipa deni langu lote kwa awamu nne.

Simtetei wa muziki wa alfajiri. Wala matusi kwa mlinzi hayana utetezi. Ila dada mwenyekiti, nakuomba kabla hujagusa bomba la mtu jiulize: aliacha kulipa kabla ya kuanza fujo, au baada ya kuuliza jambo asijibiwe?

#15 Nyumbu Mpole

#14 umenigusa. Ile kauli yangu ya kukata maji naiondoa. Sikufikiria kuna watoto ndani.

#16 Fundi Lifti

Mimi bado. Pole kwa yaliyokukuta, Block B, lakini wewe ni mmoja. Katika majengo ninayohudumia, wasiolipa wengi hawakuwahi kuuliza hesabu hata siku moja. Hawaji hata mkutanoni.

#17 Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Nimesoma #14 mara tatu. Niseme ukweli.

Nimerudi kwenye daftari la kamati iliyopita. Huyu bwana aliandika barua, kabla sijawa mwenyekiti, akiuliza kuhusu fedha ya jenereta. Tulichanga kila fleti 400,000 tuletewe jenereta jipya, likaja lililotumika. Barua yake imo kwenye faili. Jibu halimo. Na mchango wake wa mwisho ni mwezi uliofuata baada ya barua hiyo.

Sijui nisemeje. Muziki ulikuwepo hata kabla, hilo majirani wanashuhudia. Lakini ile barua ilitakiwa ijibiwe, na mimi nimeirithi faili na sikuisoma.

#18 Mzee wa Kisutu

Umefanya jambo la kiungwana kulisema hadharani, mama. Wengi wangeichoma ile barua.

#19 Bin Kisauni

Salama nyote, mie niko Mombasa, Nyali. Huku kwetu mambo yalikuwa vivyo hivyo, na zamani yalikuwa magumu zaidi kwani mwenye fleti alikuwa na lizi tu, yaani mkataba wa kukodi wa miaka mingi, na kampuni ya usimamizi ndiyo iliyoshika ardhi. Ukigombana na wakurugenzi wa ile kampuni umekwisha. Mwaka 2020 Kenya ikatunga sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, ikafuta ile ya 1987. Sasa wamiliki ni shirika lao wenyewe, na sheria yataja kamati ya ndani ya kutatua migogoro.

Kwetu tuliiunda hiyo kamati. Watu watatu: mwalimu mstaafu, mama wa duka la nguo, na kijana mmoja mpangaji. Hakuna hata mmoja aliye kwenye kamati kuu. Wakajua kusikiza. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mbwa, ya pili maji machafu yavujia kwa jirani, ya tatu mtu ageuza nyumba ya kulala kuwa karakana ya kushona, cherehani sita usiku kucha. Hiyo ya tatu ilishindikana, wako kortini mpaka leo. Lakini mbili zilikwisha kwa maneno.

Ushauri wangu: mwenyekiti usiwe wewe mshtaki, wewe hakimu, na wewe mwenye ufunguo wa maji. Wajiumiza bure.

#20 Mjomba wa Tampa

Naunga mkono #19. Niko Florida miaka 16, naishi kwenye mtaa wenye umoja wa wamiliki. Huku watu wanafikiri bodi zina nguvu za ajabu, na kweli zinaweza kukutoza faini kwa nyasi ndefu. Lakini sheria ya jimbo inaibana bodi yenyewe: kabla ya faini lazima upewe taarifa ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa mbele ya kamati ya watu wasiopungua watatu, ambao si wajumbe wa bodi, si waajiriwa wake, wala si mke, mume, mzazi, mtoto au ndugu wa mjumbe. Kamati hiyo ikikataa, faini imekufa. Faini ya kawaida ni hadi dola 100 kwa kosa, na kosa linaloendelea lina kikomo cha dola 1,000 isipokuwa hati za umoja zimesema vingine.

Mimi niliwahi kushtakiwa kwa kuegesha lori la kazini. Nikaenda kwenye kikao nikaeleza nimetoka zamu ya usiku. Wakanipa onyo bila faini. Nililihamisha lori siku ileile kwa sababu walinisikiliza.

#21 Nyumbu Mpole

Mjomba, dola 100 kwa nyasi! Huku kwetu ukipata nyasi ndefu unaita mbuzi.

#22 Mama Chanja

Wapelekeni Baraza la Kata. Pale wanampiga faini siku hiyohiyo, sisi Tandika tulifanya hivyo.

#23 Wakili wa Kitaa

Mama Chanja, hiyo ni ya zamani. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lina siku 30. Likishindwa, ndipo mnapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiruka hatua hiyo shauri lako linaweza kutupwa nje. Na deni la mchango ni jambo moja, kelele ni jingine. Kelele zina kanuni zake za mazingira za mwaka 2015, na kuna serikali ya mtaa na polisi. Msichanganye yote kwenye barua moja kama mlivyofanya. Nina hakika zile barua tatu zilitaja muziki, gari, deni na matusi kwa pamoja.

#24 Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Umejuaje? Zote nne zimo, tena kwa herufi kubwa.

#25 Nesi wa Zamu

Ahsanteni kwa uzi. Nataka kuongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa.

Kwenye jengo nililokuwa napanga Kinondoni kulikuwa na baba aliyekuwa anagonga kuta usiku na kuwafokea watoto kwenye ngazi. Kamati ikamwandikia, ikamwitia mjumbe, hata polisi walikuja mara moja. Mimi kwa kazi yangu nilianza kumtazama. Alikuwa anasahau ghorofa yake. Anashuka ghorofa ya pili anajaribu ufunguo kwenye mlango wa mtu, ukikataa anakasirika. Mke wake alikuwa anaficha kwa aibu. Nilizungumza naye jikoni kwake kwa saa nzima, akalia, akakubali tumpeleke hospitali. Ule ulikuwa ugonjwa wa kusahau. Kamati ilishaandaa barua ya nne.

Sisemi wa Upanga ni mgonjwa. Anayepiga muziki wikiendi tu ana akili zake. Lakini kwenye kila jengo lenye wazee, kuna siku "msumbufu" atakuwa mtu anayehitaji kusaidiwa.

#26 Dada wa Mkunazini

Mungu akujaalie kheri, Nesi. Ndilo nililokuwa nikilisema: mtu aende akakae nae.

#27 Mbeba Boksi

Na sisi wenye fleti tulioko mbali mtusikilize. Niko Uingereza, fleti yangu Mbezi nimempangisha mtu. Nilijua kuna vurugu baada ya miezi saba, kwa sababu kamati ilikuwa inamwandikia mpangaji na yeye anachana. Kumbe mkataba wangu na yeye ungeniruhusu nimtoe mapema. Na hao wanaopangisha kwa siku mbili tatu kwa watalii na wenye sherehe, hapo ndipo kelele nyingi zinapotoka, majengo ya siku hizi yamejaa.

#28 Fundi Lifti

Kweli kabisa #27. Wapangaji wa siku moja ndio wanaojaa kumi kwenye lifti ya watu sita.

#29 Mzee wa Kisutu

Mama, kama hutojali, nipo tayari kuongozana nawe kwa huyo bwana. Naishi mtaa wa nyuma yenu kama nimekuelewa vizuri. Mvi zinasaidia mlangoni.

#30 Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Tulikwenda, mimi na Mzee wa Kisutu, Jumatano jioni. Bila karatasi. Mwanzoni alitusimamisha mlangoni. Mzee akaomba maji ya kunywa, ikabidi tukaribishwe ndani. Nilimwambia barua yake ya jenereta nimeiona na kwamba haikujibiwa, na kwamba hilo ni kosa la kamati. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatoa bahasha yenye nakala, na picha za jenereta lenyewe na namba yake. Alikuwa amezitunza muda wote huo.

Tumeitisha mkutano. Hesabu za miaka mitatu tumezibandika kwenye ubao wa chini, karibu na lifti. Kanuni zimepitishwa, watu 17 wamesaini. Kamati ya kusikiliza ya watu watatu imechaguliwa kama alivyoshauri wa Mombasa, na huyu bwana alihudhuria, akakaa nyuma. Gari ameliondoa kwenye tanki siku iliyofuata.

Mchango bado hajalipa. Anataka kwanza tofauti ya bei ya jenereta ikatwe kwenye deni lake, na wenzangu wawili kwenye kamati wanasema kufanya hivyo ni kumzawadia. Mlinzi hajaombwa radhi. Na Jumamosi iliyopita, saa tano na nusu usiku, muziki ulifunguliwa tena, ingawa spika safari hii zilikuwa ndani.

#31 Fundi Lifti

Msikate hiyo tofauti. Mkikata kwake, fleti 23 zilizobaki nazo zitadai, maana zilichanga 400,000 zilezile.

#32 Msumbufu wa Block B

Na kwa nini wasidai? Wote waliibiwa. Waliowaletea jenereta hilo ndio wa kurudisha, muwafuate hao.

#33 Wakili wa Kitaa

Dada, jenereta lina risiti? Ya jina la nani, la umoja au la mtu binafsi? Nijibu hilo kabla ya mkutano wenu ujao.

#34 Jirani wa Ghorofa ya Tatu

La mtu binafsi. Nimeishika hapa. Nakuandikia faragha sasa hivi.